Hapa Tunasaga Mahindi Majimaji

Funguo za mashine nimekabidhi. Koti langu la kazi nalo nilitaka kulikabidhi, lakini kijana aliyepokea funguo aliliangalia, akalinusa, akasema, "Mzee, hilo baki nalo kama kumbukumbu." Basi nimebaki nalo. Mke wangu amelitundika kwenye banda la kuku, na kuku wenyewe wamehamia upande mwingine.

Hakuna serikali iliyoniajiri wala iliyonistaafisha. Nimejistaafisha mwenyewe, nikiwa na meno yangu yote na nywele za kutosha kuchana, kwa sababu mtu aliyefanya kazi kama nilivyofanya mimi anastahili kukaa chini mapema. Ninyi vijana mnaobaki pale Msamala, kila mkitoka semina mnaniuliza, "Mzee Thadei, ufanisi katika biashara maana yake nini hasa?" Mnauliza huku mmeshika makabrasha yenye jibu. Mimi kabrasha sina. Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nadhani mwalimu alinipitisha ili apumzike. Lakini katika mji huu wa Songea, mtu akitaja mashine ya kusaga, jina langu linafuata kabla hajameza mate. Kwa hiyo sikilizeni.

Vyeo sitavizungumzia. Mishahara ndiyo kabisa, maana mke wangu naye anasoma.

Nilifika kwenye mashine nikitokea Mshangano kwa miguu, kijana mwenye mikono mikubwa na maneno mengi. Mwenye mashine alikuwa Mzee Nyoni, dereva wa lori aliyechoshwa na barabara, akanunua injini ya dizeli na kuijengea banda la matofali ya kuchoma. Fundi wake alikuwa mzee Osmund, mtu mfupi, mkali, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya wamisionari, na tangu hapo akaamini kwamba kila kitu duniani kina spana yake.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba. Fumba macho."

Nikafumba. Injini ilikuwa inanguruma mbele yangu, ardhi inatetemeka.

"Unasikia nini?"

"Kelele, fundi."

"Nenda kabebe maji. Ukisikia kitu kingine, njoo uniambie."

Nilibeba maji mpaka nikaanza kusikia. Mkanda ukilegea unapiga kofi. Nyundo za kusagia zikichakaa zinalia kama mtu anayekohoa kwa aibu kanisani. Mahindi yakiingia mengi kwa pamoja injini inashusha sauti, inakuwa kama mtu anayepanda mlima wa Matogoro na gunia kichwani. Siku nilipomweleza fundi Osmund hayo yote hakunisifu. Alinipa spana, akaenda kunywa chai. Wengine hupewa vyeti.

Alinifundisha pia kuupima ufa, ndio unga wenyewe kama tunavyouita huku. Unakinga kiganja pale unapotoka. Ukiwa wa moto wa kukufanya uutupe, umeunguzwa, na ugali wake utakuwa na harufu ya mashine. Ukiwa na uvuguvugu kama wa shuka la mtu aliyeamka sasa hivi, hapo sawa. Nimekuta watu wenye vipimajoto vya kutoka nje. Kiganja changu hakijawahi kuishiwa betri.

Fundi Osmund alipozidiwa na mgongo akarudi kijijini kwake, injini ikabaki mikononi mwangu. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuposa Matogoro, na wakwe waliponiuliza kazi yangu nikawaambia mimi ni meneja wa mashine. Haukuwa uongo. Neno hilo nililisema mapema tu, kama mtu anayewahi foleni.

Halafu ikaja ruksa.

Ninyi mmekuta maduka yamejaa, hamwezi kujua. Zamani kusafirisha mahindi mpaka uwe na kibali, na kipuri cha injini ulikuwa unakiombea kama unavyoomba mvua. Ghafla kila mtu ni ruksa: mitumba ruksa, malori ruksa, biashara ruksa. Tukashangilia sana. Sikujua kama mwenye mashine mpya naye ni ruksa. Mfanyabiashara mmoja kutoka Makambako akajenga upande wa pili wa barabara, akaleta mashine kutoka nje ya nchi, imepakwa rangi ya kijani inayong'aa, ina chekeche laini kama kitambaa. Ilisaga haraka kiasi kwamba mteja hakupata hata muda wa kumsema jirani yake. Kiangazi kile chote wateja wetu walivuka barabara mmoja mmoja, wakitusalimia kwa adabu kabisa walipotupita, na salamu hizo ziliniuma kuliko matusi.

Mzee Nyoni akaanza kunyamaza. Mtu aliyeendesha malori akinyamaza, ujue anasikia kitu kwenye gia. Siku moja akatuita mimi na Bwana Hamisi.

Bwana Hamisi alikuwa mkwe wake, mtu wa Tanga aliyemwoa binti yake, amesomea uendeshaji wa biashara chuoni, mpole, nadhifu, shati jeupe katika banda la unga, jambo lililoonyesha kwamba hakuwa mwoga. Mzee alikuwa amemleta atunusuru.

"Yuko bwana mmoja wa Tunduru anaitaka injini," Mzee Nyoni akasema. "Nimempa neno langu la nusu. Mvua za kwanza zikinyesha anakuja na lori. Siku hiyo nitatazama uwanja wangu. Nikikuta kuku ni wengi kuliko watu, anaing'oa. Nikikuta watu, anarudi mtupu. Nimemaliza."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Injini ile ndiyo ilikuwa shule yangu, baba yangu wa pili, na maneno yangu kwa wakwe. Nilikuwa naijua kuliko ninavyoijua sura yangu. Ikienda Tunduru, mimi nabaki nani? Mbeba maji wa Mshangano.

Bwana Hamisi hakukaa bure. Alitutazama tukifanya kazi kwa wiki nzima, kisha tukakaa watatu juu ya magunia, akasema tatizo letu ni ufanisi. Hapo ndipo nililisikia neno hili kwa mara ya kwanza, na nililichukia papo hapo.

"Dizeli nyingi, ufa kidogo," akasema. "Na nimegundua sababu. Ni haya mahindi ya kuloweka."

Niwakumbushe, maana siku hizi mnanunua ufa wa mifuko. Mama wa Songea anayejiheshimu hasagi mahindi jinsi yalivyotoka ghalani. Anayaleta yakobolewe, anarudi nayo nyumbani, anayaloweka kwenye maji mpaka yaanze kuchachuka kidogo, anayaosha, anayaanika, halafu ndiyo anayaleta kusagwa. Ufa unatoka mweupe kama kanzu ya komunio ya kwanza. Ugali wa dona ni wa wagonjwa na wa wanafunzi wa bweni. Sasa kiangazi mahindi hayo yanakauka vizuri. Lakini mawingu yakiziba jua, mama anayaleta yakiwa bado na unyevu, na unyevu huo unaziba chekeche, injini inahema, dizeli inaliwa. Sisi tuliyaita mahindi majimaji.

"Debe moja la majimaji linakula mafuta ya madebe mawili makavu," Bwana Hamisi akaendelea. "Jirani yetu hapokei kabisa. Na sisi tusipokee. Tusage makavu tu, haraka, kwa mafuta machache. Huo ndio ufanisi."

Mzee Nyoni akatikisa kichwa kukubali. Nikaona injini inapakiwa kwenye lori.

"Bwana Hamisi," nikasema, "hilo neno ukoo wake ni upi?"

"Ukoo?"

"Kila neno lina kwao. Hilo limetoka kwa nani?"

Hakunicheka. Alifikiri, kwa sababu alikuwa msomi wa kweli. "Nadhani limetokana na kufana. Kufana, kufanikiwa, ufanisi."

"Kufana kama harusi inavyofana?"

"Ndiyo, huko huko."

"Basi niambie. Umewahi kusikia watu wanarudi harusini wanasema, jamani ile harusi imefana, imekwisha mapema na kuni zimetumika kidogo?"

Mzee Nyoni akacheka mpaka akakohoa, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kiangazi kianze. Bwana Hamisi naye akacheka, lakini hakukubali kushindwa upesi.

"Hapana, harusi inafana kwa wageni. Nakubali. Lakini Thadei, wageni wakila mpaka wenye nyumba wakauza bati za paa, hiyo nayo imefana?"

Nikainua macho nikaanza kuzihesabu bati za paa letu.

"Basi tukubaliane hivi," akasema. "Kutumia kuni vizuri ni jambo moja. Kujua umempikia nani ni jambo jingine, na hilo linakuja kwanza. Neno letu limeyabeba yote mawili, ndiyo maana linatuchanganya. Wageni wako ni nani? Nionyeshe, inshallah kesho."

Kesho yake ilikuwa siku ya mawingu. Tulisimama kando ya barabara kama watu wanaosubiri usafiri, tukaitazama mashine ya kijani. Akina mama wenye mahindi makavu waliingia na kutoka. Halafu akaja Mama Winfrida wa Matogoro, mwanamke mwenye mgahawa wake karibu na soko, ambaye ugali wake ulikuwa unaliwa na makarani wa mkoa. Akatua ndoo. Kijana wa pale akatia mkono, akautoa.

"Mama, yana maji haya. Hatupokei."

"Nimeyaanika tangu jana!"

"Yaanike na kesho."

"Kesho nitawapikia watu nini, wewe? Rangi ya hiyo mashine yenu?"

Akanyanyua ndoo, akatuona. "Na ninyi mnashangaa nini hapo kama mmepotea? Thadei, wewe utanisagia au na wewe umeshakuwa mzungu?"

Bwana Hamisi akaniangalia. "Mgeni wako huyo," akasema taratibu. "Na mvua zikianza?"

"Mvua zikianza," nikasema, "mji mzima ni Mama Winfrida."

Hapo tulianza kazi, na kazi yenyewe niliifanya mimi, naomba ieleweke. Injini ilikuwa na feni iliyosukuma joto nje kupitia tundu la ukutani, joto lililokuwa linapotea bure likiwapasha mbuzi wa jirani. Nikajenga kichanja cha miti mbele ya tundu lile, nikakiezeka kwa juu, nikatandika bati juu ya matofali ili hewa ya moto ipite chini yake. Mama anamwaga mahindi majimaji juu ya bati, anaenda sokoni, akirudi yamepungua maji. Nikafungua chekeche laini nikaweka lenye matundu makubwa kidogo, nikapunguza mlango wa kuingizia mahindi, na ufa nikaupitisha mara ya pili. Bwana Hamisi ndiye aliyeona kwamba kubadili chekeche kila mara kunatupotezea muda, akapanga: makavu asubuhi, majimaji baada ya chakula cha mchana. Kuni zikapungua na wageni wakala. Nampa heshima yake. Ya kichanja ni yangu.

Mama Winfrida alikuwa wa kwanza. Alisaga, akaondoka anaimba. Siku iliyofuata alirudi haimbi.

"Thadei!"

"Naam, mama."

"Jana makarani wamekula ugali wa dizeli. Mmoja ameniuliza kama nimepikia jiko au tingatinga."

Nikachukua ufa wake nikanusa. Kweli. Upepo ulikuwa unageuza moshi wa ekzosi na kuurudisha kichanjani. Bwana Hamisi akakunja uso, akatazama mawingu. Mzee Nyoni alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, akaingia ndani.

Siku hiyo nilipanda paa mwenyewe. Nilitafuta mabomba ya zamani kwenye gereji zote za mjini, nikayaunga, nikaipandisha ekzosi juu ya paa na kuipeleka upande wa bondeni, mbali na kichanja. Nilipowasha, moshi ukaenda zake kama mgeni asiyealikwa. Nikaunusa ufa, nikamnusisha Bwana Hamisi, nikampelekea Mama Winfrida sahani nzima mgahawani kwake, mbele ya makarani wenyewe. Akaonja ufa mkavu kwa ncha ya ulimi, akanitazama.

"Sasa ufa wako umeacha ulevi wa dizeli," akaniambia. Makarani wakagonga meza.

Nikachukua kipande cha bati, nikaandika kwa rangi ya mafuta: HAPA TUNASAGA MAHINDI MAJIMAJI. Herufi zilipanda na kushuka, lakini zilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na huko ndiko nilikotaka zisomwe. Mzee mmoja akapita na baiskeli, akasimama, akasoma kwa sauti.

"Mwanangu, hayo mahindi ukila risasi haziingii?"

"Shikamoo, mzee. Jaribu kwanza ugali, risasi baadaye."

Mnaona vitabu vyenu vinavyosema ufanisi ni kufikia lengo. Sawa. Mimi naongeza kwamba lazima kwanza uulize lengo ni la nani. Mashine ya kijani ilikuwa nzuri kuliko yetu. Ilisaga upesi, kwa mafuta machache, ufa laini. Ilikuwa inafanya vizuri sana kazi ambayo mvua ikinyesha hakuna anayeihitaji. Sisi tulikuwa na injini kongwe inayokohoa, lakini tulikuwa tunajua mama anaamka na nini kwenye ndoo. Meneja anayekaa anasikiliza injini tu ni fundi. Namjua fundi vizuri, nilikuwa mimi. Meneja anasikiliza na ndoo.

Lakini haya nayasema leo nimekaa kwenye kiti. Wakati ule sikuwa na uhakika wowote. Watu walikuwa wanakuja, lakini wachache, maana jua lilikuwa bado linatokeza na mashine ya kijani bado inang'aa. Kuku wa Mzee Nyoni walitembea uwanjani kwa raha zao. Nilikuwa nikiwafukuza nyuma ya banda kila mzee anapotoka, mpaka akaniuliza nina ugomvi gani na kuku wake.

Mvua ya kwanza ilianza asubuhi, ikanyesha bila haraka, mvua ile ya Songea inayokaa kama shemeji. Ilinyesha siku hiyo, ikanyesha iliyofuata. Nguo hazikauki, kuni hazishiki, na mahindi yaliyolowekwa yamo kwenye ndoo mji mzima yanasubiri jua ambalo halipo. Siku ya tatu nilifika kazini nikakuta ndoo zimepangwa mbele ya mlango, kila moja imefunikwa kwa kipande cha nailoni, wenyewe wamejibanza chini ya paa la kichanja wanabishana nani wa kwanza. Wa Msamala, wa Matogoro, wa kwetu Mshangano. Foleni ilizunguka banda ikaenda kukutana na barabara. Nikawasha injini. Bwana Hamisi akavua shati lake jeupe, akafunga kitenge cha mkewe kiunoni, akaanza kugeuza mahindi kwenye bati.

Tukiwa katikati ya kazi nikasikia injini nyingine. Nilifumba macho kwa mazoea. Lori, gia ya kwanza, linatafuta pa kugeuzia. Nilipofumbua, bwana wa Tunduru alikuwa ameshashuka, kofia kichwani, nyuma yake vijana na minyororo ya kufungia mzigo.

Alijaribu kulirudisha lori kinyumenyume mpaka mlangoni. Halikupita. Ndoo zilikuwa njiani, na hakuna mama aliyekubali kusogeza yake, kwa sababu ukisogeza ndoo umepoteza nafasi.

"Jamani, pisheni gari," akasema. "Nimekuja kuchukua mashine."

"Kuchukua nini?" Mama Winfrida akauliza kutoka kichanjani, mikono imejaa mahindi.

"Mashine. Injini hiyo. Nimeshazungumza na mwenyewe."

"Na mahindi yangu haya yaliyo juu ya bati utayakausha wewe?"

Mzee Nyoni akatokea mlangoni. Watu wote wakamgeukia. Mimi mkono wangu ulibaki kwenye mlango wa mahindi. Mzee alitazama uwanja. Alitazama taratibu, kama dereva anayekagua lori kabla ya safari, upande huu, upande ule, mpaka mwisho wa foleni kule barabarani. Kisha akamgeukia bwana wa Tunduru.

"Unaona mwenyewe," akasema. "Wako watu."

"Mzee, nimetoka mbali. Nisubiri mpaka lini?"

Mzee Nyoni akafungua mdomo, lakini Mama Winfrida alimwahi.

"Hapa hakuna mkubwa, baba. Foleni inaanzia kule. Wewe uko nyuma ya yule mwenye ndoo ya bluu."

Na yule bwana, sijui ni kwa mazoea ya miaka yote tuliyopanga foleni nchi nzima, akaenda. Akasimama nyuma ya ndoo ya bluu, mikono mitupu, kofia inachuruzika maji. Mwenye ndoo akamgeukia akamuuliza kama yake ni makavu au majimaji. Alisogea hatua moja foleni iliposogea. Kisha akajitazama, akacheka peke yake, akapanda lori, akarudi mtupu.

Nikaongeza mahindi. Injini ikashusha sauti, ikapanda, ikatulia.